Beki Si Basi

Mimi si mtu wa michezo. Ukurasa huu mwaujua kwa mashairi, misemo na mambo ya mila, na atakaye kujua nani kafunga na nani kafungwa ana ukurasa wake kule nyuma ya gazeti. Lakini lililonikuta Nairobi mwishoni mwa Agosti mwaka 2025 lilikuwa ni jambo la maneno kabla ya kuwa jambo la mpira, na maneno ndiyo kazi yangu. Kwa hivyo mtaniwia radhi nikivuka mpaka.

Nilikuwa Tena, kwa dada yangu. Tena ni mtaa wa mashariki ya Nairobi, ubavuni mwa Umoja na Donholm, nyumba zimekaribiana hata jirani akikohoa wewe ndiwe umwambiaye pole. Mtu wa Mji wa Kale hashangazwi na msongamano, hushangazwa na kukosa upepo wa bahari. Dada yangu ameolewa huko yapata miaka ishirini sasa, na mwanawe wa kwanza ana miaka kumi na sita. Ni kijana mrefu, mpole, asiyesema mpaka asemeshwe, na ni beki wa kati katika timu ya vijana ya mtaani kwao.

Ijumaa ile, tarehe 29 Agosti, tulipokwisha kusali Isha tukashuka, mimi na mpwa wangu, hadi penye kibanda cha viazi karai. Mwenye kibanda ni mtu wa kwetu, wa Kisauni, na ukweli ni kwamba mimi nilifuata ukwaju wake kuliko viazi vyenyewe. Hapo pana ubao mrefu wa kukalia, na kila jioni hugeuka baraza. Baraza hiyo ya Nairobi haina mkeka wala dele la kahawa, lakini watu wake ni wale wale wa kila baraza: mmoja ajua kila kitu, mmoja akanusha kila kitu, na mmoja hunyamaza mpaka wenziwe wachoke ndipo aseme neno moja.

Siku ya pili yake ndiyo ilikuwa fainali ya CHAN pale Kasarani. Kwa asiyefuata mambo haya, hili ni kombe la mataifa ya Afrika kwa wachezaji wanaocheza katika ligi za nchini mwao, na mara hiyo lilipokewa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania. Fainali ilikuwa baina ya Moroko na Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu wa majahazi walikiita Bukini. Sisi Kenya tulikuwa tumekwisha kutolewa wiki moja kabla, Ijumaa tarehe 22, na hao hao watu wa Bukini, kwa mikwaju ya penalti 4 kwa 3 baada ya kutoka sare 1–1. Kwa hivyo baraza ilikuwa na kidonda kibichi. Watu waliotolewa hawana raha ya kushangilia, wana raha ya kubishana tu.

Na ubishi ulikuwa mmoja: Bukini afanyeje kesho ili Moroko asimfunge?

Fundi wa viatu, shabiki wa AFC Leopards tangu ujana wake, alisema warudi nyuma wote kumi, wafunge njia, wangojee. Mwendesha boda, kijana wa Gor Mahia mwenye sauti ya muadhini pasi na adhana, akasema huo ni woga, na kwamba mpira wa siku hizi hukabwa kuanzia mbele, kule kule langoni mwa adui, hata kipa wao asipate pumzi ya kupiga pasi. Mwalimu mmoja mstaafu akawakataa wote wawili. Yeye alitaka mistari miwili katikati ya uwanja, mabeki wanne na viungo wanne, isiachane zaidi ya hatua kumi na tano, ikipanda pamoja na ikishuka pamoja kama watu wanaokunja shuka. Ili aeleweke, akachukua sinia ya viazi akavipanga: kumi na kimoja huku, kumi na kimoja kule. Mwenye kibanda akalalamika kwamba ile ni bidhaa. Mwendesha boda akamla beki wa kushoto wa Bukini, akasema, "Ona, Mwalimu, mwanya ndio huo!"

Nilicheka sana. Kisha nikaona kwamba hawafanyi mzaha. Fundi alikumbusha mechi ya tarehe 10 Agosti, Kenya na huyo huyo Moroko. Ryan Ogam alifunga dakika ya 42, na kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akapewa kadi nyekundu. Kenya ikacheza kipindi kizima cha pili ikiwa watu kumi, na Moroko, aliyelitwaa kombe hilo mwaka 2018 na tena katika mashindano ya 2020, asipate kitu. "Tulirudi nyuma tukashinda," akasema fundi. Mwendesha boda akarusha mikono. Na siku ya Bukini je? Omija alitufungia dakika ya 48, tukaanza kurudi nyuma tukilinda kibao kimoja kama masikini anayelinda shilingi, ikatoka penalti, wakasawazisha dakika ya 69. Mwalimu akawapeleka mbali, hadi Lisbon mwaka 1967: Inter ya Milano, mabingwa wa kulinda chini ya kocha Helenio Herrera, walipata penalti mapema wakafunga, wakarudi nyuma, na Celtic ya Scotland ikawafunga mawili.

Mwenye kibanda akaniinamia sikioni. "Ustadhi, Uhud." Hakusema zaidi, nami nikamfahamu: wale wapiga mishale hamsini waliowekwa juu ya kilima wakaambiwa wasitoke, liwe liwalo, na wengi wao wakashuka walipodhani mambo yamekwisha. Sikulipeleka neno lile mbele ya baraza. Mchezo ni mchezo, na yako mambo ambayo mtu hayafananishi na gozi la ng'ombe. Lakini kila aliyesoma chuoni ameanza kujua maana ya kushika nafasi kutoka hapo, si kutoka kwa Herrera.

Basi ndipo mwendesha boda, akiwa amelemewa na hoja, aliposema neno lililonifanya niandike makala haya. "Fundi, wewe wataka watu wapaki basi tu! Muulizeni Basi mwenyewe, si huyo hapo?" Watu wakacheka, wakamgeukia mpwa wangu. Kumbe ndilo jina lake hapo mtaani. Basi. Kijana akaweka pesa juu ya meza, akachukua viazi vyake bila ukwaju, akaondoka.

Mwenye kibanda alinieleza baadaye. Jumapili iliyotangulia, timu ya mpwa wangu ilikuwa ikiongoza kwa bao moja, zikiwa zimebaki dakika chache. Kila alipouondosha mpira kwa shuti la nje, waliosimama nyuma ya goli walimzomea: basi hilo, basi limeegeshwa, hamjui kandanda nyinyi. Mara ya kwanza akastahimili, na ya pili, na ya tano. Mpira wa mwisho ulipomfikia penye ukingo wa eneo lake, kijana akataka kuwaonyesha kwamba naye anajua. Akamzunguka mshambulizi mmoja, akataka kumzunguka wa pili, akanyang'anywa. Bao. Sare, na mechi ikabidi irudiwe. Waliokuwa wakimzomea kwa kuupiga nje ndio waliomzomea kwa kutoupiga nje. Tangu siku hiyo hakwenda mazoezini, na mamake alimwambia kwamba ama atacheza mbele au ataacha kabisa.

Mimi nasema bao lile halikufungwa na mshambulizi. Lilifungwa na mashabiki, tena mashabiki wa timu yake mwenyewe, kwa neno moja tu.

Na tulitazame neno lenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi ya ukurasa huu. Si letu. Lilivuma kutoka Uingereza Septemba mwaka 2004, José Mourinho alipokuwa kocha wa Chelsea na Tottenham wakamzuia kwa sare ya 0–0 nyumbani kwake. Akalalamika kwamba wageni wamekuja na basi wakaliacha mbele ya goli. Yaani ni neno la mtu aliyeshindwa kufunga, akitafuta wa kumlaumu! Na baadaye huyo huyo akawa ndiye anayesemwa kwa kuegesha basi. Sisi tumeliokota neno la mwenye kinyongo tukalifanya elimu. Watangazaji walisema, waandishi tuliandika, na watoto wa mitaani wakapeana kama jina.

Halafu si neno la kweli. Basi ni chuma. Halina macho, halina ulimi, halisogei mpaka lisogezwe. Beki ni kiumbe kinachosogea kila mpira usogeapo, hata ukiwa upande wa pili wa uwanja. Yeye huchagua mshambulizi aende mguu gani, amfungie wa kulia amwachie wa kushoto alio mzito, amcheleweshe hatua tatu mpaka wenziwe warudi. Huita majina. Hutazama mbele na husikiliza nyuma. Kipindi kile cha pili dhidi ya Moroko niliona marudio yake kwa dada yangu, nikasahau chai ikapoa: mmoja akitoka kumkabili mwenye mpira, mwengine alikuwa amekwisha kuingia mahali pake kabla mahali hapajajua kwamba pa wazi. Mimi nilikumbuka utungo wa kujibizana, ambapo mtu hupokea kina cha mwenziwe kabla hakijaanguka.

Na mtu atupe hesabu. Kenya ilicheza mechi tano katika mashindano yale, mara mbili ikiwa imepungukiwa na mtu kwa kadi nyekundu, siku ya Angola na siku ya Moroko. Katika uwanja ilifungwa mabao 2 tu: moja la Angola, na ile penalti ya Bukini. Kongo, Moroko na Zambia hawakupata hata moja. Ilikuwa ni mara yetu ya kwanza kushiriki. Uliza baraza yoyote, Tena au Majengo au Kibokoni, wakutajie kilichotufikisha robo fainali. Watakutajia mabao, na mabao yetu yalikuwa moja moja.

Lawama hii siwatupii mashabiki peke yao. Sisi tunaotunga tuna sehemu kubwa. Mfungaji tumempa radi, simba, kombora na mshale. Mlinzi tumempa nini? Hutajwa siku alipokosea, kama mwashi wa ukuta ambaye jina lake huulizwa siku ukuta ulipoanguka. Najua watu wa makamo watanijibu kwa Mahmoud Abbas. Ni kweli. Mwaka 1982, katika Kombe la Chalenji mjini Kampala, Kenya ilitoka sare na Uganda wenye nyumba, tukashinda kwa penalti, golini akiwa kijana wa Mombasa. Nami nilikuwa mtoto wa chuoni, nilitega sikio redioni kibarazani kwa babu yangu, na mtaa mzima ulinyamaza kila mkwaju. Walimwita Kenya One, na hadi leo jina hilo likitajwa mtu wa pwani hukaa wima. Tulilitwaa kombe lile mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Na yuko pia Bobby Ogolla, beki wa Gor Mahia na wa taifa, ambaye walimpa jina la yule mtu wa chuma wa filamu za televisheni. Lakini hao ni wawili, na ni wa zamani, na huyo wa pili hata jina la sifa alikopeshwa kutoka Marekani.

Narudi barazani. Mpwa wangu alipoondoka kukawa kimya. Mwalimu akasema, "Maneno yenu hayo." Mwendesha boda, ambaye si kijana mbaya, akajitetea kwamba ni utani, na kwamba mtaani kila mtu ana jina. Nikamwambia sikatai utani, ila tumtafutie jina jengine. Nikawaeleza kwamba kwetu, nyumba za zamani za mawe zina milango miwili ya mbao yenye nakshi, na nyuma yake hupita gogo moja zito la kuifunga usiku. Mgeni hulisifu lile nakshi mchana, lakini mwenye nyumba hulala kwa amani kwa sababu ya lile gogo, ambalo halina nakshi na mgeni halioni. Jina lake kia. Hata Wataliano, mfumo wao ule wa Herrera waliuita kwa jina la komeo la mlango. Basi kwa nini beki wetu asiitwe kia?

Mwendesha boda akanitazama kwa huruma. "Mzee, Kia si gari?"

Lahaula! Walicheka hata mwenye kibanda akaunguza mafungu mawili ya bajia. Mwalimu akasema kwamba tumemtoa kijana ndani ya basi tukamtia ndani ya gari dogo. Nikakubali kushindwa. Malenga asiyekubali kushindwa na neno atakuwa hajui maneno. Lakini pale pale fundi wa viatu akakumbuka kwamba jirani zetu wa Tanzania, katika magazeti na redio zao, beki wa nguvu humwita kisiki, na wengine humwita kitasa. Kisiki! Mwenye mbio ndiye ajikwaaye, si kisiki. Nikaona wivu kidogo, kwamba Dar es Salaam wametutangulia.

Mwalimu hakutaka niondoke hivyo hivyo. Akaniuliza, "Wewe mtu wa Mombasa, umezaliwa kando ya ngome. Unasema tulinde au tushambulie?" Hili nililijibu kwa niliyoyajua. Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Kuta zake hazikuwa mbovu. Mtu akienda leo atazikuta zimesimama. Waliokuwa ndani walimalizwa na njaa na maradhi, kwa sababu msaada wa baharini ulikuja haba na ulikuja kwa kuchelewa. Kwa hivyo jibu langu kwa Mwalimu lilikuwa hili: kulinda si kosa, kosa ni kulinda bila mlango wa bahari. Timu inayorudi nyuma lazima iwe na mtu mmoja au wawili wa kuupokea mpira ukitoka, waukalie, wenzao wavute pumzi. Bila ya hao, kila mpira unaoutoa hurudi, na kila ukirudi huja na nguvu mpya, na mwisho refa huona mkono wa mtu mahali ambapo si pake. Mwendesha boda akasema, "Hapo sasa nakubali." Fundi naye akasema hilo ndilo alilokuwa akilisema tangu mwanzo, na haikuwa kweli hata kidogo.

Usiku ule nikatunga ubeti mmoja, nikauandika kwenye karatasi ya daftari, nikaupitisha chini ya mlango wa kijana:

Mlinzi wa lango letu, ndiwe kia cha nyumbani,
Kila jicho la wenzetu, lamwandama wa mbeleni,
Wewe hutajwi na watu, ila siku ya huzuni,
Leo twakupa cha kwetu, kito cha sifa shingoni.

Asubuhi aliniamkia kama kawaida, akanywa chai, akatafuna mahamri mawili, kisha akasema, "Mjomba, si kweli kwamba beki hatajwi. Omija alitajwa."

"Alitajwa kwa nini?"

Akafikiri. "Kwa kufunga."

Hatukuendelea. Mamake alikuwa akitusikiliza kutoka jikoni, nikamsikia akipunguza moto.

Fainali tuliitazama penye duka moja karibu na kibanda, televisheni imetolewa mlangoni, watu wamejaa hadi barabarani. Kijana alikuja akasimama nyuma kabisa. Naweza kusema kwamba wajuzi wote wa Ijumaa waliaibika, nami pamoja nao. Tulitarajia mechi ya kuviziana. Moroko, taifa ambalo mwaka 2022 timu yake kuu ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Qatar ikiwa imefungwa bao moja tu, tena la kujifunga wenyewe, tulidhani haitaachia kitu. Bukini ndio waliotangulia, dakika ya 9, kwa Manohantsoa. Mehri akasawazisha dakika ya 27. Lamlioui akawapa Moroko la pili kabla ya mapumziko. Bukini wakarudisha dakika ya 68 kupitia kwa Rakotondraibe, na barabara nzima ya Tena, ambayo wiki moja nyuma iliwalaani watu hao, ikaruka juu. Kisha dakika ya 80 Lamlioui akamwona kipa amesogea mbele ya lango lake, akaupiga mpira kutoka mbali, kama hatua arobaini hivi. Ukapita juu ya kila mtu. Mistari miwili ya Mwalimu ilikuwa pale. Mabeki walikuwa mahali pao. Moroko 3, Bukini 2, na kombe likaenda kwao mara ya tatu.

Mwenye kibanda akatikisa kichwa. "Kia kilikuwa kimefungwa, Ustadhi. Wamerusha juu ya ukuta."

Nilitazama nyuma. Mpwa wangu hakuwa akimtazama Lamlioui akishangilia. Alikuwa akiyangojea marudio, na yalipokuja akamwonyesha mwenziwe kwa kidole, si mpigaji, bali kipa, hatua alizokuwa ametoka, na beki aliyekuwa karibu na mpira ambaye alichelewa kidogo tu kumsogelea yule bwana. Alizungumza maneno mengi kuliko niliyomsikia akisema wiki nzima.

Jumapili alitafuta viatu vyake chini ya kitanda. Hakuniambia anakwenda wapi wala sikumuuliza. Mimi sikuweza kufika uwanjani. Nilikuwa na basi la kurudi Mombasa saa tatu usiku na kabla ya hapo kulikuwa na jamaa wa kuwaaga. Lakini nilipopita penye kibanda jioni kuchukua ukwaju wa safari, nilimkuta mwendesha boda amekaa juu ya pikipiki yake, uso umenuna.

Nikamuuliza mechi ya vijana imekwendaje.

"Wameshinda moja bila," akasema. "Bao la mapema. Lakini mzee, baada ya hapo haikuwa na ladha. Hawa wengine walikuja, wakaja, wakaja, hakuna kitu. Dakika sitini nzima nimesimama pale, hakuna lililotokea."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa."

Nikamnunulia viazi vya shilingi hamsini, na ukwaju juu yake.